Je, Wajua? Kati ya Vidole vya Mbwa wa Kolwezi

Kolwezi kila mguu hutafuta kitu cha kuukinga. Mchimbaji hutafuta buti la mpira, mama anayeuza sombe sokoni huvaa kandambili, na mtoto wa shule hupiga kiwi viatu ambavyo vumbi litavifunika kabla hajafika darasani. Mbwa, au imbwa kama anavyoitwa Katanga, huukanyaga mji huu kwa ngozi tupu tangu siku anayoanza kutembea. Vumbi jekundu la Julai, tope la Januari, saruji mbichi ya nyumba inayojengwa: vyote hupita chini ya mguu wake, na sehemu ya kila kimoja hubaki mahali pasipotazamwa, katikati ya vidole.

Hapo ndipo ngozi huanza kuwasha, ikawa nyekundu, ikavimba, na mwisho ikatoa usaha. Mwenye mbwa husikia tu sauti ya ulimi usiku kucha, akadhani mnyama anajisafisha. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Haya ndiyo mambo yanayostahili kujulikana kuhusu nafasi hiyo ndogo, na namna ya kuitibu.

Mbwa hutembea kwa vidole

Mbwa akisimama, kisigino chake hakigusi ardhi. Kile kiungo cha mguu wa nyuma kinachoonekana kama goti lililopindia upande usio wake ndicho kisigino chenyewe. Uzito wote hubebwa na vidole. Mbwa wengi wana vidole 18: vitano kila mguu wa mbele, kimoja kati yake kikiwa kimening'inia juu bila kugusa chini, na vinne kila mguu wa nyuma.

Chini ya kila kidole kuna mto wa nyama wenye mafuta ndani na ngozi ngumu kwa nje. Ukivuka mto huo kwa upana wa kidole chako kidogo, unaingia kwenye ngozi laini yenye nywele fupi, inayokunjika na kukunjuka kila hatua. Ngozi ngumu imeumbwa kupambana na ardhi. Ngozi laini iliyo jirani yake haikuumbwa hivyo, na ndiyo inayoumia kwanza.

Jasho lake liko miguuni

Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, ulimi nje. Tezi za jasho la maji, zile zinazotulowesha sisi kwapani na usoni, kwake ziko hasa kwenye mito ya unyayo. Ndiyo maana mbwa mwenye hofu juu ya meza ya daktari huacha alama za unyevu mahali alipokanyaga.

Unyevu huo, joto, na kunjo zisizopata hewa ni makazi mazuri kwa bakteria na kwa fangasi wa jamii ya hamira aitwaye Malassezia. Wote wawili huishi kwenye ngozi ya mbwa mzima bila kumdhuru. Hata ile harufu kama ya bisi inayotoka miguuni mwa mbwa wengi hutokana na bakteria wa kawaida. Harufu ikigeuka kuwa kali, ya kuchacha, na ngozi ikawa na mafuta na rangi ya kahawia kuzunguka kucha, ujue wenyeji hao wamezidi idadi na wamekuwa ugonjwa.

Wekundu wa manyoya unaweza kuwa mate

Kolwezi kila kitu cheupe hugeuka chekundu, kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba miguu ya mbwa mweupe imepakwa rangi na udongo. Lakini mate ya mbwa yana kemikali ziitwazo porfirini, ambazo hugeuza manyoya mepesi kuwa na rangi ya kutu pale yanapolambwa siku nyingi.

Kipimo chake hakina gharama. Osha mguu kwa maji na sabuni laini. Udongo utatoka, rangi ya mate itabaki. Ikibaki, basi mbwa huyo amekuwa akilamba muda mrefu kuliko ulivyodhani, na kuna kinachomsumbua.

Idadi ya miguu inayouma hutaja chanzo

Kabla ya kutafuta dawa, hesabu. Mguu mmoja ukiuma na mitatu ikiwa salama, chanzo mara nyingi ni cha mahali pale pale: mwiba, kipande cha chupa, mbegu ya nyasi, kucha iliyovunjika. Miguu miwili au yote minne ikiwasha, tafuta jambo linaloenea mwilini au linalokutana na miguu yote: mzio, wadudu, minyoo, au kitu kilichomwagika uani.

Kanuni hii haimalizi kila kitu, lakini daktari wa wanyama huanza nayo. Ukifika kwake ukiwa na jibu, umempunguzia nusu ya maswali.

Kuna nyasi inayojichimbia yenyewe

Katika savana ya kusini mwa Kongo huota nyasi yenye mbegu kama mkuki, ambayo wataalamu huiita Heteropogon contortus. Mbegu yake ina ncha kali, na nyuma yake kuna uzi mrefu uliosokotwa. Uzi huo ukilowa hujisokotoa, ukikauka hujisokota tena, na kwa kuzunguka huko mbegu huzama udongoni bila mkono wa mtu.

Ikinasa kati ya vidole vya mbwa, ngozi huwa udongo wake. Vinyweleo vya mbegu hiyo vimeelekea nyuma, kwa hiyo mbegu husonga mbele tu, hairudi. Mara nyingi unachokiona ni uvimbe wenye tundu dogo linalotoa maji au usaha, unaopona na kurudi palepale. Paka dawa utakavyo, tundu halitafunga mpaka mbegu itoke, na ikiwa imekwenda ndani, kuitoa ni kazi ya daktari. Wakati wa kiangazi, nyasi zinapokauka kandokando ya njia, kukagua miguu ya mbwa aliyerudi matembezini ni dakika moja tu.

Nywele zake mwenyewe zinaweza kuwa miiba

Mbwa wenye manyoya mafupi na magumu, hasa walio wazito, hukanyaga kwa nguvu kiasi kwamba nywele za kati ya vidole hukatika na kusukumwa kurudi ndani ya ngozi. Mwili huzichukulia kama mgeni, hujenga uvimbe, na bakteria hufuata. Watu wengi huita vivimbe hivyo sisti, ingawa kwa hakika ni majipu yaliyoanzia kwenye vishina vya nywele vilivyopasuka.

Kwa sababu hiyo usiyaminye. Ukiminya, unapasua vishina vingine na kusukuma uchafu chini zaidi, na jipu moja huzaa matatu.

Tekenya alivuka bahari kwa meli

Tekenya, ambaye wengi humwita funza, hakuwa mwenyeji wa Afrika tunakoishi. Kwao ni Amerika ya kitropiki. Mwaka 1872 meli iitwayo Thomas Mitchell ilitoka Brazil ikafika Ambriz, pwani ya Angola, ikiwa na mchanga wa kuipa uzito. Ndani ya mchanga huo walikuwamo viroboto hawa. Kutoka hapo walifuata njia za misafara kuingia bara, na haikupita miaka 30 wakawa wamefika pwani ya Bahari ya Hindi.

Mtu wa Lualaba anaweza kuiona safari hiyo akilini. Bunkeya, mji mkuu wa Mwami Msiri, uliopo leo katika jimbo hili, ulikuwa njia panda ya wafanyabiashara waliotoka Angola kwa upande mmoja na waliotoka pwani ya Waswahili kwa upande mwingine. Shaba, pembe na watumwa vilipita kwenye njia za aina hiyo, na kila msafara ulikuwa na mamia ya miguu isiyo na viatu. Mbwa walioandamana nao nao walikuwa na miguu.

Tekenya jike ana urefu wa milimita moja hivi kabla ya kuingia. Akishazama kwenye ngozi huvimba kwa wiki mbili mpaka kufikia karibu sentimita moja, akitoa mayai mia au zaidi kupitia tundu dogo analoliacha juu. Kwa mbwa hupenda mito ya unyayo na ngozi iliyo kando yake. Watafiti waliofanya kazi katika wilaya ya Bugiri, mashariki mwa Uganda, waliwakuta kwenye nguruwe na mbwa wa vijiji vilevile ambako watu walikuwa wanaugua. Maana yake ni moja: familia inayomtibu mtoto na kumwacha mbwa, inamtibu mtoto huyo kila mwezi. Sakafu ya udongo mkavu ndimo mayai yanamokulia. Kuinyunyizia maji na kuifagia mara kwa mara hupunguza wadudu hao, na kuisakafia kwa saruji hupunguza zaidi.

Usimchimbe mbwa kwa pini iliyotumika kwa mtu, wala mtu kwa pini iliyotumika kwa mbwa. Kidonda cha tekenya ni mlango wa pepopunda.

Ugonjwa wa wachimba migodi huingia kwa mlango uleule

Mwaka ule ule wa 1872, mbali na Angola, wafanyakazi walianza kutoboa njia ya reli ya kilomita 15 chini ya mlima wa Gotthard nchini Uswisi. Wengi wakadhoofika, wakawa weupe wa midomo, wakakosa pumzi. Mwaka 1880 daktari Edoardo Perroncito wa Turin alionyesha kwamba matumbo yao yamejaa minyoo ya safura. Ndani ya handaki, kama ndani ya mgodi, kuna joto, unyevu na giza, na watu hujisaidia humohumo. Safura ikapata jina la ugonjwa wa wachimba migodi.

Minyoo hiyo iliingiaje mwilini? Jibu lilipatikana Misri mwishoni mwa karne ya 19. Mtafiti Mjerumani Arthur Looss alimwagikiwa mkononi na maji yenye viluwiluwi vya minyoo. Alihisi mwasho, ngozi ikawa nyekundu, na baada ya miezi akakuta mayai ya minyoo kwenye choo chake mwenyewe. Ilikuwa imepita kwenye ngozi.

Mbwa ana safura yake, Ancylostoma caninum, nayo hutumia mlango huohuo. Viluwiluwi vilivyomo kwenye udongo wenye unyevu uliochanganyika na kinyesi hupenya kati ya vidole na kuacha vipele vyekundu vinavyowasha. Mbwa anayefungwa siku nzima mahali pamoja, akijisaidia hapohapo, ndiye anayeumia zaidi. Na viluwiluwi vya mbwa vikikutana na mguu wa mtoto huchora mistari inayowasha chini ya ngozi yake. Dawa ya minyoo pekee haitoshi: zoa kinyesi kila siku, hamisha kamba, acha jua likaushe ardhi.

Kupe na utitiri hupapenda hapohapo

Kupe wa kahawia wa mbwa, Rhipicephalus sanguineus, hutafuta masikio na nafasi za vidole, mahali ambapo meno hayafiki kwa urahisi. Jike mmoja aliyeshiba damu hutaga mayai maelfu. Mng'oe kwa kibano, ukimshika karibu kabisa na ngozi na kuvuta kwa utulivu. Kumchoma kwa kiberiti au kummwagia petroli humuumiza mbwa kuliko kupe.

Utitiri uitwao Demodex hauonekani kwa macho. Una urefu wa robo ya milimita hivi, umbo la sigara, na huishi ndani ya vishina vya nywele. Mbwa huupata kwa mama yake siku za kwanza za kunyonya, na kwa kawaida mwili huudhibiti maisha yote. Kinga ikishuka, huongezeka na kuvimbisha miguu. Daktari huukwangua kwenye ngozi na kuutazama kwa hadubini, na hiyo ndiyo njia ya kuutambua. Dawa ya ng'ombe iliyopimwa kwa kukadiria, kama ivermektini, inaweza kumuua mbwa, na jamii ya Collie wengi wana kasoro ya jeni inayoufanya ubongo wao usihimili dawa hiyo ikizidi kiasi.

Kobalti ni mzio unaojulikana duniani

Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote inayochimbwa duniani, na sehemu kubwa hutoka kuzunguka Kolwezi. Mtaa wa Kasulo ulipata sifa baada ya madini hayo kugunduliwa chini ya nyua za watu mwaka 2014. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba kobalti, pamoja na nikeli, ni miongoni mwa metali zinazosababisha mzio wa ngozi kwa binadamu. Mwaka 2016 chama cha Marekani cha wataalamu wa mzio wa ngozi kiliichagua kobalti kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka.

Kwa mbwa, manyoya huwa ngao. Kitu kinachochoma au kuwasha kwa kugusa hushambulia mahali pasipo na manyoya mengi: tumbo, kinena, na kati ya vidole. Ukiona wekundu sehemu hizo tatu kwa pamoja, fikiria kwanza alikolala na alikopita, kabla ya kufikiria alichokula.

Asidi na chokaa huunguza bila moto

Shaba na kobalti ya Lualaba hutolewa kwenye mawe kwa asidi ya salfuri, na barabara zetu hupitisha malori yanayoibeba. Kwa upande mwingine, chokaa na saruji mbichi huunguza ngozi kwa njia iliyo kinyume cha asidi, polepole, mpaka usiku ndipo maumivu yatokee. Mwezi Februari 2025, ng'ambo ya mpaka katika ukanda huuhuu wa shaba, bwawa la mabaki ya mgodi lilipasuka huko Chambishi, Zambia, na maji yenye asidi yakafika mto Kafue. Mnyama hasomi bango la tahadhari.

Mbwa akikanyaga kitu cha aina hiyo, usihangaike kutafuta cha kukipoza kwa kemikali nyingine. Maji safi, mengi, yanayotiririka, kwa dakika 15 hadi 20, huku ukitenganisha vidole. Vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi. Usimwache alambe kabla hujamaliza.

Mrututu ni shaba

Waswahili wa pwani waliujua mrututu kwa vizazi: chumvi ya buluu inayong'aa, waliyoiweka kwenye vidonda sugu. Mrututu ni salfeti ya shaba, yaani madini ya nchi hii yaliyokutana na asidi ile ile ya viwandani. Enzi za Zaire mkoa wote wa Katanga uliitwa Shaba, na wachache walifikiri kwamba jina hilo linahusiana na sanduku la dawa.

Nguvu yake ni ya kweli. Shaba huua bakteria na fangasi, na wafugaji wa kondoo na ng'ombe duniani huwapitisha wanyama kwenye maji ya mrututu kutibu kuoza kwa kwato, ugonjwa unaoanzia hasa kati ya vidole. Ndiyo sababu baadhi ya watu huutumia kwa mbwa. Usiutumie. Kwato ni ngumu, ngozi ya mbwa ni laini, na mrututu huichoma. Zaidi ya hapo mbwa hulamba, na mrututu tumboni hutapisha na kuumiza matumbo na ini. Jamii moja ya mbwa, Bedlington Terrier wa kaskazini mwa Uingereza, hurithi ini lisiloweza kutoa shaba. Mwaka 2002 watafiti waliitaja jeni yenye kasoro hiyo, ambayo leo huitwa COMMD1. Utajiri wa ardhi si lazima uwe dawa ya mguu.

Zinki kidogo ni uzima, zinki nyingi ni sumu

Kipushi, karibu na Lubumbashi, ina mgodi wa zinki na shaba ulioanza 1924, ukasimama 1993, ukafunguliwa tena 2024. Ngozi ya mbwa inahitaji zinki. Ikipungua, au ikiwa mwili haunyonyi vizuri, magamba magumu hutokea puani, kuzunguka macho na kwenye mito ya unyayo. Mbwa wa jamii ya Siberian Husky huzaliwa na udhaifu huo mara nyingi kuliko wengine.

Lakini krimu nyeupe ya zinki tunayowapaka watoto waliochubuka haifai miguuni mwa mbwa. Ataila yote. Zinki nyingi hutapisha, na ikizidi huvunja chembe nyekundu za damu.

Mate si dawa ya kutosha

Imani kwamba mate ya mbwa huponya ina chembe ya ukweli. Mwaka 1990 watafiti Hart na Powell walionyesha kwamba mate hayo hudhoofisha baadhi ya bakteria. Kulamba mara moja mbili husafisha kidonda. Kulamba usiku kucha huloweka ngozi, huikwaruza, na kuifungua kwa bakteria wengine. Mwasho humfanya alambe, kulamba huongeza mwasho, na mduara huo hauvunjiki wenyewe.

Unyayo ukiwa mgumu kama ubao

Mbwa wa asili wa Kongo, anayejulikana duniani kama Basenji, alionyeshwa London katika maonyesho ya Crufts mwaka 1895. Wale wa kwanza hawakudumu: walikufa kwa distempa. Mojawapo ya alama za ugonjwa huo ni mito ya unyayo na pua kukakamaa na kupasuka. Kwa hiyo mbwa mdogo asiyechanjwa mwenye homa, makamasi, kikohozi na unyayo mgumu hana shida ya miguu. Ana ugonjwa wa mwili mzima, na anaweza kuwaambukiza wenzake. Chanjo ipo, nayo huzuia.

Kinga ya anayetibu huja kwanza

Mguu unaouma humfanya hata mbwa mpole aume. Mfunge mdomo kwa kitambaa laini, fundo juu, kisha chini ya taya, kisha nyuma ya masikio, kwa dakika chache tu, na kamwe usimfunge anayehema kwa nguvu au kutapika. Karibu vifo vyote vya watu kutokana na kichaa cha mbwa duniani, asilimia 99 kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, hutokana na mbwa. Ukiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji dakika 15, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Tiba ya nyumbani ni ndogo na yenye subira

1. Kaa kwenye mwanga. Fungua vidole kimoja kimoja, juu na chini. Tafuta mwiba, kupe, tundu, kipele. Kilichochomoza, kivute.

2. Loweka mguu dakika tano katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita.

3. Osha kwa sabuni ya klorheksidini, dawa iliyozaliwa Uingereza miaka ya 1950, uiache dakika kumi kisha usuuze. Ukiwa na Betadine, ichanganye na maji mpaka ifanane na chai ya rangi iliyo nyepesi.

4. Kausha. Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoponya. Pitisha kitambaa kikavu katika kila nafasi mpaka kitoke bila unyevu.

5. Mzuie kulamba kwa saa chache. Ndoo ya plastiki iliyokatwa tako, kingo zake zikafunikwa kwa kitambaa, hufanya kola nzuri. Usifunge bandeji ya kubana: mguu uliokosa damu hauwezi kuokolewa.

6. Rudia asubuhi na jioni. Wakati wa masika, kukausha miguu baada ya kila mvua kuwe desturi.

Vitu vya kuacha kabisa

Mafuta machafu ya injini, petroli, dawa ya kufulia yenye klorini, spiriti na asidi ya betri huunguza. Ibuprofeni na parasetamoli ya nyumbani humdhuru mbwa tumbo, figo au ini kwa kiasi ambacho kwetu ni cha kawaida. Antibiotiki iliyobaki kwa mtoto haitoshi: jipu la kina la mguu linaweza kudai wiki kadhaa za dawa, na ukikatisha, bakteria wanaobaki ndio wale sugu.

Siku tatu zinatosha kusubiri

Mpeleke kwa munganga wa wanyama mapema ikiwa hawezi kukanyaga, ana homa au hataki kula, uvimbe una tundu linalotoa usaha, miguu yote imeathirika, au siku tatu za kuosha na kukausha hazijaleta nafuu. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya wanyama, kwa hiyo ujuzi huu unafundishwa humuhumu Katanga. Mweleze ni miguu mingapi, tangu lini, mbwa hulala wapi na hupita wapi. Akikutibia mbwa kisha uvimbe ukarudi palepale, usimlaumu mbwa wala dawa. Rudi na useme umerudi palepale, kwa maana neno hilo humwambia daktari atafute kilichobaki ndani.

Na hili la mwisho

Tumeona mbegu ya savana, kiroboto wa Brazil, minyoo ya migodi, metali ya Kasulo na asidi ya barabarani, vyote vikikutana katika nafasi isiyozidi upana wa kidole. Karibu kila kimoja huweza pia kufika kwenye mguu wa mtoto anayecheza uani bila viatu. Jioni ya leo, mbwa akilala mlangoni, mshike mguu na uufungue vidole. Kisha angalia na vya mtoto.